Kabla ya Kuihukumu Tabo

Gari la dizeli likianza kudondosha oili, mshitakiwa wa kwanza ni tabo. Sababu inaeleweka. Tabo ni kifaa cha gharama, shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaishi jirani na moshi ambao joto lake linaweza kupita nyuzi 700, na kila mwenye gari amewahi kusikia kisa cha mtu ambaye tabo ilimfia njiani. Fundi akichomoa bomba la hewa, akaingiza kidole na kukitoa kimelowa, mwenye gari hana swali lingine. Anauliza bei.

Nataka kuitetea tabo. Oili inayoonekana mdomoni mwake, upande unaovuta hewa, mara nyingi haikutoka ndani yake. Imeletwa pale kwa bomba, kwa makusudi ya waliobuni injini. Na ikitokeza nje na kuanza kudondoka, kilichoshindwa kazi mara nyingi ni pete ya mpira inayoenea kwenye kiganja.

Nitachukua injini moja ili tusizungumze hewani: OM642 ya Mercedes-Benz, V6 ya dizeli yenye ujazo wa lita 3, iliyoanza kutoka mwaka 2005 kwenye kiwanda cha Marienfelde, Berlin. Ilifungwa kwenye ML, E-Class na Sprinter, na hata kwenye Jeep Grand Cherokee na Chrysler 300C za miaka hiyo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa nayo bila nyota ya Mercedes kwenye boneti. Ni injini nzuri. Ikitunzwa inakwenda mbali sana, na kwa umri magari yake ya mwanzo sasa yanaitwa ya zamani. Silinda zake sita zimegawanyika safu mbili zilizoachana kwa nyuzi 72, na kati ya safu hizo kuna bonde. Tabo imekaa nyuma ya bonde hilo, imesogea hadi karibu na ukuta unaoitenganisha injini na abiria. Juu ya mdomo wake limeegemea bomba lenye matawi mawili, kila tawi likileta hewa kutoka kwenye eya klina ya upande wake. Hapo bomba linapokutana na tabo ndipo ilipo sili ya kwanza, ile pete ya mpira, nyekundu inayokaribia rangi ya chungwa. Ya pili iko mahali ambapo bomba la kupumulia linaingia kwenye njia hiyohiyo ya hewa.

Bomba la kupumulia ndilo linalonivutia kuliko yote. Pistoni ina ringi za kuzuia mgandamizo usishuke, lakini hakuna ringi inayozuia kila kitu. Kila silinda inapowaka, gesi kidogo hupenya kandokando ya pistoni na kushuka kwenye chumba cha krenki. Huko chini oili ya moto inarushwarushwa na krenki mpaka imekuwa ukungu. Gesi inachanganyika na ukungu huo, pamoja na mvuke wa maji na masizi, na vyote vinatafuta pa kutokea. Vikizibiwa njia, shinikizo litapanda hadi lisukume nje sili za krenki. Mafundi wetu wana kauli yao kwa injini iliyochoka ringi: wanasema inapumua. Ukweli ni kwamba kila injini inapumua, hata ile iliyotoka kiwandani leo; iliyochoka inahema.

Zamani pumzi hiyo iliachiwa tu. Bomba lilielekezwa chini, na kila gari likapumulia barabara. Kisha katika miaka ya 1950 mwanakemia Mholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa Caltech huko California, alionyesha kwamba ule ukungu mchafu uliowatoa machozi wakazi wa Los Angeles ulitokana na mivuke ya petroli na moshi wa magari inapopigwa na jua. Sehemu ya mivuke hiyo haikupitia kwenye ekzosi hata kidogo. Ilitoka kwenye chumba cha krenki. Kuanzia magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa California, bomba la kupumulia likarudishwa kwenye njia ya hewa ili injini imeze pumzi yake yenyewe na kuichoma. Utaratibu huo ukaenea kwingine, na dizeli za magari madogo nazo zikaupokea.

Kwa hiyo ninapoona mdomo wa tabo umelowa, sioni ugonjwa moja kwa moja. Naona oili ambayo haikwenda mapafuni mwa mtu. Kwenye OM642 pumzi hupita kwanza kwenye kitenganishi kinachorudisha matone mazito chini kwenye sampu. Kinachobaki ni ukungu mwembamba, nao ndio unaoelekezwa mbele ya tabo. Utando kidogo wa oili ndani ya bomba la hewa ni hali ya kawaida. Kinachotakiwa ni ubaki ndani.

Hapa kwetu baadhi ya mafundi wana njia ya mkato: wanalichomoa bomba la kupumulia, wanaliongezea hosi na kulishusha hadi chini ya gari. Oili kwenye tabo inakoma siku hiyohiyo, na mwenye gari anaondoka ameridhika. Lakini gari hilo sasa linawapumulia wanaosubiri daladala kituoni, na kwenye foleni ya Ubungo harufu inamrudia mwenyewe ndani ya kabini. Siikubali kazi hiyo hata ikifanywa kwa usafi wa namna gani. Watu walisoma na kupigania hewa kwa miaka mingi hadi hosi ile ikarudishwa ndani, na sisi nasi tunaishi katika mji wenye jua na magari kama ule.

Sasa turudi kwenye pete. Sili inaziba kwa sababu inataka kurudi kwenye umbo lake. Unapoibana kati ya vitu viwili vigumu inasukuma kurudi, na msukumo huo ndio unaozuia oili isipite. Niels Christensen, Mdenmaki aliyehamia Marekani, alikuwa amepita miaka 70 alipopata hataza ya oringi mwaka 1939, na msingi wa ugunduzi wake ulikuwa huo: pete laini, mfereji wenye vipimo sahihi, na mbano wa kiasi. Joto likiipika mwaka baada ya mwaka, ile nguvu ya kurudi inakwisha polepole. Mpira unalikubali umbo uliobaniwa nalo. Ndiyo maana unaweza kuitoa sili iliyokufa ukaikuta nzima, haina mpasuko wala pengo, na bado ukawa umempata mhalifu. Imeacha kusukuma, basi.

Aina ya mpira nayo ina neno. Mpira wa miti, ule ambao Wajerumani waliulima Muheza na maeneo mengine ya Tanga kabla ya vita vya 1914, haufai mahali penye oili; unavimba na kulegea. Viwanda vikalazimika kutengeneza mpira wa kemikali unaostahimili, kama naitraili, na baadaye ule wenye florini ambao kampuni ya DuPont iliuingiza sokoni mwaka 1957 kwa jina la Viton. Kwa macho yote ni mpira tu. Kwa oili ya moto tofauti ni kubwa, na ndiyo sababu pete iliyokatwa kwenye tyubu ya tairi, hata ikikatwa na mkono hodari, haichukui muda kuvimba na kukaa upande. Silikoni ya kubandikia ina hatari mbaya zaidi. Ikipakwa kwa wingi, ziada yake hujikusanya upande wa ndani, inakauka, siku moja inamomonyoka, na kilicho mbele yake ni feni ya tabo. Nimeona mafundi wazuri wakiipaka pale kwa sababu spea haikupatikana Kariakoo siku hiyo na mteja alikuwa na safari. Naelewa shida yao. Bado ningemwomba mteja aahirishe safari.

Kinachofanya uvujaji huu uwe mgumu kuuhukumu ni bonde. Oili inadondoka kutoka mdomo wa tabo, inaingia bondeni, na huko inafuata mteremko na upepo wa gari linapokwenda. Chini yake tu, ndani ya bonde, kuna mota ndogo ya umeme inayofungua na kufunga milango midogo ya hewa kwenye manifoldi. Oili inaiangukia mota hiyo, inapenya kwenye kasha lake, na siku moja mota inakwama. Kompyuta inaona mota haijibu, inawasha taa na kulipunguzia gari nguvu ili lijilinde. Oili nyingine inaendelea hadi nyuma, inateremka kwenye maungio ya injini na giaboksi, na aliyelala chini ya gari anaona sili ya nyuma ya krenki inavuja. Hiyo ni kazi ya kushusha giaboksi. Na humohumo bondeni, chini ya tabo, kuna kipoza oili, chenye sili zake ambazo nazo huchoka na kuvuja. Kuzifikia hizo unaondoa tabo na manifoldi.

Washukiwa ni wengi, basi: tabo, mota, sili ya krenki, sili za kipoza oili, na ile pete ya mdomoni. Wote wamelowa oili ileile. Wanne wa mwanzo kila mmoja ni kazi kubwa au spea ya bei. Wa tano anaweza kubadilishwa kati ya asubuhi na chakula cha mchana.

Kuna gereji Ilala ninapopenda kukaa, na huko ndiko nilikomwona mama mmoja akileta ML yake. Fundi ni kijana, mpole, msikivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameniambia tabo imekufa."

"Nani kasema, mama?"

"Kule nilikotoka. Na bei wameniandikia." Akatoa karatasi kwenye mkoba.

Fundi hakuisoma. Aliuliza gari linafanyaje. Mama akaeleza kwamba taa ya injini inawaka na nguvu hamna. Mlima wa Kitonga amepanda kwa kutambaa, malori yakimpita. Fundi akauliza kama linatoa moshi wa bluu. Halitoi. Kama linapiga mluzi usio wa kawaida. Hapana.

"Basi, mama, naomba uniachie. Leo sibadilishi kitu. Nitaliosha tu."

"Kuliosha? Mimi nimekuja litengenezwe."

"Ndiyo, mama. Likiwa chafu hivi, hata mimi sijui."

Sentensi hiyo, kwangu, ni utaalamu mzima. Alipima kwa mashine, na mashine ikasema mota ya milango ya hewa. Fundi mwingine angeishia hapo: mota mpya, taa imezima, lipa. Wapo pia wanaouza dawa ya rizista, kipande kidogo cha ohmu 4,700 kinachochomekwa mahali pa plagi ya mota ili kompyuta iamini kuwa mota ipo na ni nzima. Taa inazima kweli, na nguvu zinarudi. Oili inaendelea kudondoka. Na mashine, kwa usahihi wake wote, inaweza kumtaja aliyeumia tu. Aliyemuumiza hana waya, kwa hiyo mashine haimjui.

Kwanza alifungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma taratibu, akatazama. Moshi kidogo, hausukumi kwa mapigo. Ringi zingekuwa zimekwisha, sili mpya isingemsaidia mama, kwa kuwa pumzi ingezidi uwezo wa bomba. Akachomoa kijiti cha kupimia: oili ilikuwa kwenye kiwango, haikuzidishwa. Hilo nalo hupaswa kuangaliwa, maana injini iliyojazwa oili kupita alama huitapika kwa njia hiyohiyo ya pumzi. Kisha akaanza kusafisha. Alinyunyizia dawa ya kusafishia breki mpaka bonde likaonekana rangi yake ya alumini, akakausha kwa upepo wa kompresa, akaondoa tope la oili na vumbi nyuma ya injini kwa brashi ya meno. Jioni aliliendesha hadi Pugu na kurudi. Alipofungua boneti akashusha kioo kidogo chenye mpini nyuma ya bomba, akakimulika kwa tochi, akaniita.

Ilikuwa michirizi miwili myembamba, mipya, inayong'aa. Ilianzia ukingoni mwa bomba, chini kabisa, pale sili ilipo. Kipoza oili kilikuwa kikavu. Nyuma kwenye giaboksi kukavu.

Kesho yake, injini ikiwa baridi, aliondoa eya klina zote mbili, akachomoa plagi za sensa za hewa, akalegeza klempu. Bomba la kupumulia la injini hii lina hita yake ya umeme, iliyowekwa kwa ajili ya nchi ambako mvuke ungeganda njiani. Alichomoa waya wake taratibu kwa sababu plastiki iliyozeeka karibu na joto hukatika ukiipumulia tu. Bolti za nyuma hazionekani. Mkono unapita kati ya bomba na ukuta, na vidole vinafanya kazi vyenyewe. Alipolinyanyua bomba, jambo la kwanza, kabla ya kuangalia kitu chochote, lilikuwa kuziba mdomo wa tabo kwa kitambaa safi. Nati moja ikidondoka humo, karatasi ya mama ingekuwa sahihi.

Sili ilitoka na bomba. Alinipa niishike. Upande wa juu ulikuwa bado na rangi yake. Upande wa chini, ambako oili hutuama, ulikuwa mweusi na bapa, na mdomo wake uliopaswa kujitokeza ulikuwa umelala sawasawa na mwili. Niliikunja kidogo ikalia, ikapasuka. Ilikuwa ngumu kama ganda la chungwa lililoanikwa juani.

Ndipo alipoigusa tabo, ambayo wote walikuwa wakiizungumzia bila kuigusa. Akaondoa kitambaa, akaishika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Upande kwa upande ilicheza kidogo sana, kama inavyotakiwa, kwa kuwa ikifanya kazi inaelea juu ya utando wa oili. Ndani na nje haikucheza. Akapitisha ncha ya kidole kwenye makali ya feni, moja baada ya jingine. Alikuwa anatafuta mikwaruzo, na hapa kuna jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Sili ile haivujishi kwenda nje tu. Injini inapovuta, ndani ya bomba kuna mvuto, na pengo lilelile linalodondosha oili gari likisimama linaingiza hewa gari likikimbia. Hewa ambayo haikupita kwenye eya klina. Kwa barabara zetu hiyo maana yake ni vumbi, na vumbi kwenye feni inayozunguka kwa kasi ile ni msasa. Tabo ya mama ilikuwa na makali yake yote. Ingeachwa, siku moja ingekufa kweli, na yule aliyeandika karatasi angeonekana aliona mbali.

Sili mpya aliipaka oili safi kidogo, akaiketisha kwenye mfereji wake, akaizungushia kidole pande zote kuhakikisha hakuna mahali mdomo umejikunja. Ya bomba la kupumulia vilevile. Akalishusha bomba likiwa limenyooka, akakaza bolti kwa zamu, kwa mkono mwepesi.

Nimekaa gereji za kutosha kujua kwa nini kazi ya namna hii ni adimu, na uvivu si sababu kubwa. Sababu ni jinsi tunavyolipa. Tunalipia kilichobadilishwa. Fundi akifunga tabo, anapata faida kwenye spea na ujira mnene wa kufunga, na mteja anaona kifaa kipya kinang'aa, anaridhika pesa yake imeonekana. Fundi akitumia siku nzima kuosha na kutazama, kisha akasema ni pete, anapata ujira wa pete. Anayetafuta ukweli analipwa kidogo kwa kadiri anavyoupata upesi na kwa bei ndogo. Halafu tunashangaa tabo nzima zinatupwa. Zipo tabo nyingi zilizohukumiwa hivi zikauzwa kama spea za mtumba, zikafungwa kwenye magari mengine, na zikafanya kazi vizuri, kwa sababu hazikuwahi kuwa na kosa.

Sisemi mafundi wanaosema "tabo" ni waongo. Wengi wanaamini wanachosema, kidole kimelowa. Lakini aliyemlipa mtu kwa kubadilisha amemfundisha kubadilisha, na hilo ni letu sisi wenye magari kabla halijawa lao. Ninaliona kwa madaktari wa mashine kama ninavyoliona kwingine, ila kwa mashine linatia uchungu wa aina yake, kwa kuwa ushahidi wote upo pale bondeni, haujafichwa na mtu, unangoja kuoshwa.

Mama alipokuja kuchukua gari, habari haikuwa nzuri yote. Fundi alimwambia kwamba sili zimebadilishwa na tabo ni nzima, lakini mota ya milango ya hewa imekwisha kunywa oili na haitafufuka. Atahitaji nyingine, na asikubali rizista. Alimwambia pia kwa nini hakuinunua moja kwa moja: alitaka bonde likae kavu kwanza, aendeshe gari siku kadhaa, walifungue tena waone, ndipo mota mpya iingie. Ikiingia kabla, na kama kuna mvujo mwingine, itakufa kama ya kwanza.

Kisha akampa karatasi yake. Mstari wa kwanza juu, kabla ya sili, kabla ya dawa ya kusafishia, ulisema "kuangalia", na mbele yake bei iliyozidi bei ya sili zote mbili. Mama akauliza hicho ni kitu gani, mbona hakioni kwenye gari. Fundi akamweleza, akamwonyesha kioo chenye mpini na pete iliyopasuka. Wakabishana kidogo, kwa heshima. Akalipa yote, na akaagiza mota.